Mwaka Niliokuwa Mtu wa Masikio

Kwa dini yao maiti huchomwa. Mimi, Muislamu wa Lamu, nilisimama nje ya lile jengo la matofali pamoja na jamaa zake Mama Harjit, natazama bomba la moshi na sijui nisome dua gani. Mwisho nikasoma niliyo nayo. Baadaye tukaenda hekaluni kwao Southall kula, maana kwa Makalasinga hakuna anayetoka msibani na njaa. Tulikaa chini kwa safu, sahani mbele ya magoti, na Kiran, binti yake marehemu, akanijia na ndoo ya dengu mkononi akaniambia kwa Kiingereza, "Esha, sema maneno mawili matatu ya mama. Dakika tatu tu." Nikasimama. Nikasema huyu mama alinipa chumba, akanipa chakula, akanipa na mwendo. Nikakaa. Hata dakika moja haikufika. Watu wakanitazama kwa huruma wakidhani machozi yamenishika koo. Si machozi. Kuna mambo hayaingii kwenye dakika tatu, na mengine huwezi kuyasema na ndoo ya dengu inapita. Basi nayaweka hapa, yote ya mwaka ule mmoja. Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo atakayekuta kosa alivuke kama anavyovuka dimbwi la maji njiani.

Kwanza nitaje majina, nisije nikasahau kwa ajili ya adabu. Rukia, binamu wa mama yangu, na Omari mumewe, wa Walthamstow. Hao ndio walionileta London nikiwa na miaka kumi na saba kwa maneno matamu ya shule na ushonaji. Shule niliyoiona ni ile ya watoto wao, getini, saa tatu kasoro asubuhi na saa tisa alasiri. Kwa miaka miwili na zaidi nililala sakafuni katikati ya vitanda vya watoto, nikala nikiwa nimesimama, na pasipoti yangu Rukia aliitia kwenye kabati la chumbani kwake akafunga na ufunguo akauvaa shingoni. Nikiuliza, ananiambia, "Pasipoti ya nini? Unasafiri?" Halafu anacheka na shoga zake kwenye simu. Omari yeye hakupiga wala hakutukana. Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, mtu wa kuombwa nasaha, na aliponiona nafuta ngazi kwa mikono iliyobabuka kwa dawa ya choo alikuwa akiinua kanzu yake kidogo, asije akaichafua, akapita. Sijui kipi kibaya zaidi. Watu wameniambia nisamehe, na mimi nawajibu, nyinyi mlikuwa wapi? Nimeshapita hamsini, nina kisukari na magoti mabovu, na jina la Rukia bado likinijia nikioga, maji huwa ya baridi ghafla.

Lakini sikukaa kuandika habari za Rukia. Nilikaa kuandika habari za mwaka uliofuata, ambao nikiutia kwenye mizani na ile miwili ya mwanzo, unaishinda, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Siku niliyoondoka nilitumwa sokoni kununua bamia na samaki. Nilifika mwisho wa soko, pale mabanda yanapokwisha, nikaona miguu haigeuki. Kwenda wapi? Nilikuwa na jina moja tu la mahali, na jina hilo alinipa Rukia mwenyewe. Alipokuwa akiwagombeza wanawe kwa kumjibu Kiingereza alikuwa akisema, "Hata wale Wahindi wa Southall waliotoka Kenya wanasema Kiswahili kuwashinda nyinyi!" Basi nikauliza basi la Southall. Niliuliza watu saba, nikapanda mabasi matatu, na mfuko wa bamia niliushika mpaka mwisho kama tiketi.

Mvua ilinikuta kwenye ile barabara kuu ya maduka ya sari na dhahabu, nikajibanza mlangoni mwa duka lenye picha za maharusi dirishani. Ndani, mzee mmoja wa Kikalasinga mwenye kilemba cha rangi ya majivu alikuwa amemkalisha bwana harusi kwenye kiti cha kifalme, anamgeuza kidevu huku na huku. Akamwambia mkewe kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kiswahili, "Harjit, mimi nafanya nini na huyu? Sura iko kama kiatu." Na mkewe, bila kuinua macho kwenye karatasi zake, "Piga kwa mbali." Nikacheka. Miezi mingapi sijui sikuwa nimecheka, sauti ikatoka kama kikombe kinachovunjika. Wote wawili wakageuka. Bwana harusi naye akageuka, masikini, anatabasamu, anadhani kasifiwa.

"Wewe nacheka nini?" mzee akaniuliza.

"Sijacheka, mzee."

"Nimeona meno. Wewe mtu wa wapi?"

"Lamu."

"Harjit!" akaita, kana kwamba mkewe hayuko hatua mbili kutoka kwake. "Harjit, huyu nasikia yote!"

Hao ndio Baba Gurmit, mzaliwa wa Nairobi, na Mama Harjit, mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili walikuwa wamekibeba kutoka Kenya kama watu wengine walivyobeba masufuria, na London walikipa kazi mbili tu: kuwasema wateja mbele yao, na kuzungumza mambo ambayo hawakutaka Kiran, aliyekuwa na miaka kumi na mbili wakati ule, ayasikie. Kiran alizaliwa hapa. Kipunjabi alikijua, Kiingereza ndicho chake, Kiswahili kwake kilikuwa mlango uliofungwa. Nyumba nzima ilikuwa imezoea hivyo. Ndiyo maana nilipopewa chumba juu ya studio, kwa usiku mmoja tu, kisha kwa wiki, hakuna aliyefikiria jambo dogo: kwamba jiko lilikuwa chini ya chumba changu, kwamba sakafu ilikuwa ya mbao, na kwamba lugha yao ya siri ndiyo niliyonyonya.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mapazia ya kupigia picha. Nililala chini ya maporomoko ya maji yaliyokunjwa, bustani ya waridi iliyokunjwa, na jumba la mfalme lililoliwa na panya pembeni. Kulikuwa na dirisha linalotazama reli, na harufu ya dawa za kusafishia filamu ilipanda kutoka chumba cha giza ikachanganyika na ya bizari. Asubuhi ya kwanza nilishuka, nikachukua sahani yangu, nikasimama nayo karibu na sinki. Mama Harjit akapiga meza kwa kijiko. "Kaa." Nikasema sina neno, nimezoea. Akapiga tena. "Farasi nakula simama. Wewe kaa." Palikuwa na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na chai ya tangawizi nzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Nimekula vyakula vingi tangu siku ile, hata vile vya hoteli wanakokaribishwa matajiri wenye farasi wa mbio, vinavyokuja kidogo katikati ya sahani kubwa kama mtu aliyepotea jangwani. Hakuna kilichofikia muhogo ule. Nililia nikitafuna, na Mama Harjit akasema pilipili imezidi, akaisogeza mbali, tukakubaliana kuwa ni pilipili.

Farasi nilijua habari zake siku ya tano. Harusi ndizo zilizolisha nyumba, lakini farasi ndio waliokuwa roho ya Baba Gurmit. Babake alikuwa seremala wa kutengeneza vizuizi vya uwanja wa mbio kule Nairobi, na yeye utotoni alikuwa akilala kifudifudi chini ya uzio kutazama kwato zikipita. Huku Uingereza wenye farasi na wakufunzi walimwita awapigie picha wanyama wao kwenye mazizi, huko kwenye vilima kusini mwa London ambako mbio zikiisha farasi huenda kulala. Picha ya farasi wa mbio, nisikilize vizuri, si picha ya kupiga tu. Lazima asimame ubavu, miguu yote minne ionekane, ile ya upande wako imepanuka na ya upande wa pili imeingia ndani kidogo. Mkia utulie, shingo ipande. Na juu ya yote, masikio yasimame yakitazama mbele. Farasi mwenye masikio yaliyolala anaonekana mgonjwa au mkorofi, na hakuna mwenye farasi atakayetundika ukutani picha ya mkorofi. Kwa hiyo kila mpiga picha ana mtu wake wa kusimama pembeni na kufanya kituko, atingishe ndoo, apeperushe mfuko, apige mluzi, mradi masikio yainuke sekunde hiyo kamera inapolia. Baba Gurmit alimwita mtu wa masikio. Yule wa kwanza alikuwa amepata kazi uwanja wa ndege.

"Wewe najua farasi?" akaniuliza ndani ya gari.

"Najua punda."

Akafikiri mpaka taa zikageuka kijani. "Karibu sawa," akasema.

Siku ile ya kwanza nilitia aibu. Walimtoa farasi jike, mwekundu wa kahawia, anang'aa kama meza iliyopigwa vanishi, na saisi wake, kijana mwembamba wa Kiayalandi, alimshika hatamu akimnong'oneza. Jina la karatasi la yule farasi lilikuwa refu, lakini saisi alimwita Dolly. Sikuwahi kuona mnyama mkubwa vile akiwa msafi vile. Nikapumbaa. Na kwa kuwa nilitaka kuonyesha kuwa nafaa, kabla hawajamaliza kumpanga miguu nikatoa sauti yangu, ile tunayoitoa Lamu kumwita punda aliyepotelewa na mtoto wake, sauti ya mwana-punda anayelilia mamake. Dolly akainua masikio kama mishale, kichwa juu, macho yametoka, mzuri wa kuua. Na miguu yake miwili ya nyuma iko pamoja kama mtu aliyebanwa na mkojo. Baba Gurmit hakubonyeza. Walipomaliza kumpanga miguu nikatoa tena, Dolly akanitazama kwa dharau akalaza sikio moja. Mara ya tatu hakunitazama kabisa. Masaisi walicheka mpaka wakashika magoti.

Garini nilingoja matusi. Kwa Rukia sahani moja iliyovunjika ilikuwa matusi ya wiki nzima. Baba Gurmit akaendesha, akasema, "Sauti yako nzuri sana. Lakini farasi iko na mara moja tu. Mara ya kwanza nasikia, mara ya pili najua wewe mwongo. Ngoja. Miguu ikiwa tayari, mimi tayari, jua tayari, ndiyo wewe. Moja." Akainua kidole. Kisha akanunua chipsi, tukala kwenye gari vioo vimefunga ukungu. Ndiyo yote niliyofunzwa, na kwa somo hilo moja nimekula mpaka leo.

Nilijifunza kungoja. Kufika mwezi wa tano, mazizi mawili matatu yalikuwa yakimpigia simu Baba Gurmit yakisema, njoo na yule msichana wa punda. Sikuchukia jina hilo, nilikuwa nimeitwa mabaya zaidi na watu wa damu yangu. Alianza kuniachia kamera ya pili. Alinifunza kushuka mpaka usawa wa kifua cha farasi, maana ukipiga kutoka juu unamfanya mbwa. Alinifunza kutowasha flashi karibu na farasi hata kama malaika ameshuka. Na masaisi niliwapenda, watu wanaoamka kabla ya ndege, wanaolala juu ya mazizi, wanaomsugua farasi mpaka aione sura yake kwenye ndoo, na picha ikija kupigwa wanaambiwa warudi nyuma mpaka mwisho wa hatamu, wasionekane. Niliwajua wale. Nilikuwa mmoja wao, ila mimi sikuwa na farasi.

Sasa jikoni. Jioni moja ya mwezi wa sita nilikuwa juu nakunja pazia, nikasikia chini sauti ya Mama Harjit ikihama kutoka Kipunjabi. Maana yake Kiran kaingia.

"Huyu msichana lazima ende."

"Ende wapi?"

"Mimi hapana jua. Lakini hana karatasi. Siku moja watu wa uhamiaji nakuja hapa, duka nafungwa, wewe nafungwa. Mimi nalala na moyo mkononi, Gurmit."

"Na masikio je? Nani nanishikia masikio?"

"Masikio! Mimi nasema jela, wewe nasema masikio!"

Sufuria. Kiran akauliza kitu kwa Kiingereza, akaambiwa ale. Halafu Mama Harjit, taratibu: "Mpaka shule zifunguliwe. Kama hajapata pasipoti yake, bila pasipoti hata wakili hawezi anza, basi. Mimi nampenda. Usinitazame hivyo. Nampenda na naogopa, yote mbili."

Nilikaa chini juu ya jumba la mfalme. Nilimchukia kwa muda wa robo saa, naandika ukweli. Kisha nikafikiri: Rukia hakuwahi kuogopa chochote kwa ajili yangu, maana hakuwa amehatarisha chochote. Huyu kahatarisha mlango wake. Nikawa na wiki kumi. Pasipoti ile ndogo, iliyo kwenye kabati la Walthamstow, ndiyo ilikuwa chumba changu, muhogo wangu, na farasi wangu. Ndiyo iliyoninyima hata beji. Uwanja wa mbio, pale magharibi mwa jiji, haumpi mtu beji ya mpiga picha bila kitambulisho, kwa hiyo siku za mashindano Baba Gurmit aliingia ndani ya duara ambamo farasi hutembezwa kabla ya mbio, na mimi nikasimama ng'ambo kwenye uzio na watu wa kawaida, na ile kamera ya pili, nipige umati. Alisema, farasi wote wanafanana ukiwapiga bila watu wanaowapigia kelele.

Na kweli, pale uzioni ndipo nilipoijua London. Wazee waliochomeka mwavuli ardhini kujua udongo una maji kiasi gani. Akina mama wa kofia za manyoya, viatu mkononi ifikapo alasiri. Mwanamume aliyevaa suti ya babu yake anayesema na farasi kwa jina kana kwamba wameachana jana. Mimi sikubeti hata siku moja. Ni haramu, na nilikuwa nimeshapoteza vya kutosha bila kubeti. Lakini zile sekunde za mwisho, farasi wakiingia kwenye kona na ardhi ikaanza kukuambia kwa nyayo kabla ya masikio, watu wote huwa wamesahau kuficha nyuso zao. Hapo ndipo unapopiga. Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilipiga filamu nzima bila kufikiri, nikitazama midomo tu.

Picha zenyewe tuliziosha siku ya pili yake. Katika chumba cha giza, chini ya ile taa nyekundu, karatasi huwa nyeupe ndani ya dawa, halafu nywele huja kwanza, kisha macho. Nilikuwa naitikisa trei na kuimba. Ikaja mikono iliyoshika uzio. Ikaja karatasi ya dau iliyokunjwa ndani ya ngumi ya kushoto. Ukaja mdomo uliofunguka mpaka magego. Na katikati ya mdomo huo na mikono hiyo, polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani, akaja Omari. Kichwa wazi. Kofia ya kufuma imechungulia mfukoni. Kuimba kukakatika.

"Nani huyu?" Baba Gurmit akauliza.

"Ni yule asiyechafua kanzu," nikasema.

Nilikwenda jikoni na ile picha ingali inadondosha maji, nikaiweka mbele ya Mama Harjit. Nilikuwa na furaha mbaya. Nikamwambia mpango wangu: nitampelekea, nitamwambia pasipoti au picha hii ibandikwe mlango wa msikiti. Akaifuta mikono, akaitazama muda mrefu. Baba yake Mama Harjit alipoteza kila kitu kwa kamari ya karata, kule Kisumu, hilo nilijua. Nilidhani atafurahi.

"Hapana," akasema.

"Mama, nimebakiwa na wiki mbili!" Kisha nikaona nimejifichua.

Akanitazama. Akatazama dari. Akatazama mbao za dari, ubao mmoja mmoja. "Wewe nasikia," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama. Mnapohama kwa ajili ya Kiran."

Baba Gurmit akatoka jikoni kimyakimya kama paka. Mama Harjit akaketi. Uso ulimwiva. Hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba. Alinisogezea kiti, nikakaa, akasema, "Ukitisha mtu, umekubali pasipoti ni yake, wewe nanunua. Si yake. Kitu yako hapana nunua. Unaenda, unakaa, unachukua. Huyo Rukia nakaribisha watu siku gani?"

Jumapili ya kwanza ya mwezi. Wanawake walikuja kusoma Yasini na kula. Nilijua, nilikuwa nikikaanga sambusa mia na hamsini.

Tulikwenda. Alivaa nguo yake ya buluu ya harusi za watu, akabeba kikapu chenye chupa ya chai, kama mtu anayekwenda hospitali. Mimi nilibeba mkoba, na ndani ya mkoba, bila yeye kujua, ile picha. Rukia alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Aliponiona aliangua kicheko. "Nilisema! Mbwa hajui mlango mwingine."

"Salaam aleikum, dada," Mama Harjit akasema akiwa ameshavua viatu. "Mimi naitwa Harjit, mzaliwa wa Kisumu. Nimekuja na Esha kuchukua pasipoti yake. Kama iko mbali, tunaweza ngoja." Na akapita. Nakumbuka Rukia alivyorudi nyuma. Hajawahi kupitwa mlangoni kwake. Mama Harjit akakaa katikati ya kochi lililofunikwa nailoni, akamimina chai.

Rukia akapiga kelele, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Eti nimeiba, eti nimekimbia na mwanamume, eti yeye kanitoa kwenye kinyesi cha punda akanileta Ulaya. Mama Harjit akanywa chai. Kila akimaliza kutukanwa alisema, "Sawa, dada. Tunangoja." Saa nane kengele ikalia, na kabla Rukia hajafika, Mama Harjit kishainuka. "Karibuni, karibuni, piteni! Mimi? Mimi nangoja pasipoti ya huyu mtoto. Iko kabatini miaka tatu sasa." Wa kwanza, wa pili, wa tano. Wote wakakaribishwa, wote wakaambiwa, kwa upole uleule, kama anayewapa habari za hali ya hewa. Wakaketi ukutani na misahafu mapajani. Wengine walikuwa wameniona kwa miaka miwili nikiwapitishia maji ya kunawa na hawakuwahi kuniuliza jina. Sasa walinitazama.

"Pasipoti gani, Rukia?" akauliza mama mmoja mzee wa Mombasa.

"Mambo ya nyumbani tu, shangazi."

"Ya nyumbani, na yana kufuli?"

Mlango wa nyuma ukafunguka, Omari akaingia kutoka msikitini na masinia ya wali. Hapo miguu yangu ikaniinua. Miaka miwili na nusu ya kuinuka mtu akiingia na sinia haitoki kwa miezi sita. Nikajikuta nimo kwenye ujia, tumeshika sinia moja, yeye huku na mimi huku.

"Unatuvunjia heshima mbele za watu," akanong'ona.

Nikangoja. Nikangoja mpaka akanitazama machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ami," nikamwambia polepole, "Jumamosi ile, farasi wako alikuja wa ngapi?"

"Farasi gani?"

"Karatasi ulishika mkono wa kushoto. Kofia ilikuwa mfukoni. Mimi nilishika kamera."

Sikufungua mkoba. Sikusema la pili. Aliniachia sinia lote, zito, akapanda ngazi. Nilisikia kabati likivunjwa, maana ufunguo ulikuwa shingoni mwa Rukia kule sebuleni. Akashuka na pasipoti ndani ya taulo la jikoni, akaiweka juu ya wali, bila kuigusa kwa vidole. Rukia akasimama, "Omari!" na Omari akasema mbele ya wote, "Achia mtoto ende. Watu wamekaa, kisomo kianze."

Kwenye treni Mama Harjit aliishika ile pasipoti kwa mikono miwili kutoka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho. Alikuwa kama msichana. "Umeona? Tumekaa, tumengoja, wamejisikia haya, wametoa! Hatukutisha mtu!" Nikamwambia, ndiyo mama. Ningemwambia nini? Wakili alianza wiki ile, na njia ilikuwa ndefu, miaka, sitaki hata kuihesabu, lakini ilikuwa njia. Chumba kilibaki changu. Msimu uliofuata nilipewa beji, nikaingia kwenye duara. Na Mama Harjit akaisimulia ile Jumapili katika jiko la hekalu kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano, akikanda unga, na kila mara chai aliyokunywa iliongezeka kikombe. Mimi nikiwapo, nilikuwa nikitazama chini. Nilimdanganya mtu aliyeniokoa, na uongo ule ulikaa kati yetu kila tukila.

Mwezi mmoja kabla hajafa, hospitali, Kiran alikuwa ameshuka kutafuta kahawa, nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, mdomo karibu na sikio lake, yote: picha mkobani, ujia, farasi wa ngapi. Nikamwambia, mama, si kukaa kwako peke yake kulikotoa ile pasipoti. Nilitisha.

Alifumba macho muda mrefu, nikadhani nimemwua.

"Mimi nilisikia," akasema.

"Ulisikia?"

"Nyumba ya Kiingereza ukuta wake karatasi. Na nyinyi mlisema Kiswahili." Akavuta pumzi. "Nilisikia yote mpaka kofia."

"Mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hii!"

Akageuza uso, akanitazama kwa lile jicho la kupigia meza kijiko. "Ningesema, wewe ungeona haya. Na mimi," akatabasamu upande mmoja, "mimi ningekosa hadithi."

Nikacheka mpaka nesi akaja.